Siwa ya Pate na Ngoma ya Kigango: Muziki Ulikuwa na Kazi Gani katika Miji ya Kale?



Mwaka jana, katika mtaa mmoja wa mji wetu wa Kalemie, alikufa mama mzee aliyekuwa akianika na kuuza ndagala kandokando ya ziwa. Watoto wake walinijia mimi katekista, wakaomba mambo mawili: ngoma ya kigango, na waimbaji wachache wa kumsindikiza mama yao mpaka makaburini. Nikafungua daftari la michango. Mbele ya jina lake palikuwa patupu, miezi mingi. Nikawaambia, "Kanuni ya kigango mwaijua." Hawakubishana nami, walishukuru, wakaenda zao. Mama akazikwa alasiri ile pasipo ngoma wala wimbo.

Siku ile sikuona kosa. Nilianza kuliona baadaye, kwa njia ambayo sikuitazamia. Vijana wa kwaya waliniuliza, "Mwalimu, watu wa miji ya kale walipiga muziki kwa kazi gani? Kwa kujifurahisha tu?" Nilidhani jibu ni jepesi. Nikatafuta habari za miji ya zamani ya pwani, kwa maana lugha yetu ya Kiswahili ilitoka huko. Basi niliyoyapata nawaletea hapa, pamoja na hukumu yangu juu yake.

Muziki uliowasimamisha watu

Tuanze Mogadishu. Mwaka 1331 alifika huko msafiri wa Moroko, jina lake Ibn Battuta, ambaye baadaye alipita Mombasa akafika Kilwa. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa, sala ilipokwisha, Sultani wa Mogadishu alirudi nyumbani kwa miguu. Juu ya kichwa chake vilichukuliwa vivuli vinne vya hariri, na juu ya kila kivuli palikuwa na ndege wa dhahabu. Mbele yake zilipigwa ngoma, tarumbeta na zumari. Tena alipokuwa barazani pake, vyombo vilipoanza kulia, hakuna mtu aliyejongea. Aliyekuwa akitembea alisimama pale pale, asiende mbele wala asirudi nyuma, mpaka vyombo viliponyamaza.

Mwaona? Muziki huo haukuwa wa kucheza. Ulikuwa amri. Sultani hakuwa na redio wala gazeti, wala hakuweza kusema na kila mtu kwa kinywa chake. Lakini ngoma zake zilipolia, mkubwa na mdogo walitambua kwa pamoja kwamba mji una mwenyewe.

Twende Malindi. Mwezi wa Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga huko. Mmoja wa watu wake aliandika habari za safari, na katika habari hizo aeleza jinsi mfalme wa Malindi alivyotoka kuwalaki wageni baharini. Mfalme aliketi katika chombo chake chini ya mwavuli wa hariri nyekundu. Walikuwapo wapiga tarumbeta, tena walikuwapo wawili wenye pembe za ndovu zilizochongwa vizuri, urefu wake kimo cha mtu. Pembe hizo zilikuwa na tundu ubavuni, na hapo ndipo zilipopulizwa. Sauti yake ilipatana vema na ile ya tarumbeta. Wareno walikuwa na mizinga. Mfalme wa Malindi alijibu kwa pembe. Alitaka wageni wajue, kabla ya neno lo lote kusemwa, kwamba wamefika mahali penye heshima.

Wala tusidhani kwamba desturi hii ilikuwa ya pwani peke yake. Katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mji wa mawe ulioko kusini, zilichimbuliwa kengele mbilimbili za chuma zilizounganishwa. Kengele za namna hiyo zilikuwa alama ya ufalme katika nchi nyingi za katikati ya Afrika. Hata sisi wa bara, basi, tangu kale tulijua kwamba chombo kinacholia chaweza kuwa kiti cha enzi.

Siwa ya Mwana Darini

Pembe zile zilizopulizwa Malindi huitwa siwa. Zilizo mashuhuri kupita zote ni mbili: siwa ya Lamu, iliyofanyizwa kwa madini, na siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, nayo urefu wake wapita mita 2. Wataalamu huihesabu siwa ya Pate kuwa ya karne ya 17 au karibu yake. Zote mbili zimewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Lamu. Huko Unguja pia, Mwinyi Mkuu, aliyekaa Dunga, alikuwa na ngoma na siwa za enzi yake.

Sasa nitasema neno ambalo pengine litawashangaza wapenzi wa nyimbo. Siwa, kama chombo cha muziki, ni maskini. Haina matundu ya vidole. Hutoa sauti chache tu, nzito, nayo haiwezi kufuata wimbo. Mtoto mwenye filimbi ya mwanzi aweza kupiga mengi kuliko mpuliza siwa. Lakini ni filimbi gani iliyopata kugombewa na wakuu? Siwa iligombewa. Kwa sababu gani?

Habari za zamani za Pate zatujibu. Zasema kwamba palikuwa na bibi wa ukoo wa kifalme, jina lake Mwana Darini, ambaye mumewe aliuawa katika ugomvi wa wakubwa. Ikawa jamaa ya Sultani wanataka kuwatahiri watoto wao kwa sherehe kubwa. Mwana Darini naye alitaka kumtahiri mwanawe, na siwa ipulizwe kama ilivyo haki ya mtoto wa daraja lake. Akanyimwa siwa. Bibi huyo hakupiga kelele. Alimwita fundi hodari wa kuchonga, jina lake Mwenyi Bayayi, akamwuliza kama aweza kufanyiza siwa nyingine. Fundi akasema aweza, akipata pembe za ndovu. Bibi akazitafuta pembe. Fundi akafanya kazi nyumbani mpaka siwa ikatimia, na watu walipoiona walistaajabu, wakatoa tunzo.

Hadithi ni fupi, lakini yaeleza mengi. Mtoto wa Mwana Darini angaliweza kutahiriwa bila siwa. Jeraha lingalipona vile vile. Ila mji usingalisikia; na jambo ambalo mji haukulisikia lilikuwa kama halikutendeka. Kumnyima siwa ni kusema, "Mwanao si mmoja wetu." Bibi alilifahamu tusi hilo, naye alilijibu kwa kuchonga kinywa chake mwenyewe.

Hukumu yangu

Watu wengi wanaoandika juu ya muziki wa miji ya kale hufuata moja ya njia mbili. Wengine huutaja kama pambo, baada ya kueleza biashara, vita na majumba. Huorodhesha ngoma na zumari kama vile mtu anavyoorodhesha mazulia. Njia hii haifai. Muziki ulikuwa sehemu ya serikali yenyewe, kama ulinzi na hazina.

Wengine husifu: wasema muziki uliwaunganisha watu wote, tajiri na maskini, wakawa moyo mmoja. Njia hii ni tamu zaidi, tena ina hatari zaidi, maana nusu yake ni kweli. Ni kweli wote walisikia. Siwa ikilia, mjane na Sultani walikuwa na masikio sawa. Lakini haikulia kwa ajili ya wote. Siwa ilikuwa haki ya waungwana, yaani watu huru wenye nasaba: katika arusi zao, tohara zao, mazishi yao, na siku ya kumsimika mtawala. Mtumwa aliyechota maji ya arusi aliisikia vizuri. Yeye mwenyewe alipokufa, hakuna aliyeitoa nje.

Kwa hiyo nasema hivi: muziki wa mji wa kale ulikusanya na kutenga kwa wakati mmoja. Sauti ile ile iliyomwambia mmoja, "U wetu," ilimwambia mwingine, "Kaa mahali pako." Anayetaka kupima muziki wa mji wo wote, wa zamani au wa leo, asiulize tu kama ni mtamu. Aulize: hulia kwa ajili ya nani?

Hayo si mawazo mageni kwa msomaji wa Maandiko. Nabii Amosi aliwakemea wakubwa wa Samaria waliolala juu ya vitanda vya pembe wakijitungia nyimbo kwa kinanda, bila kusikitikia maangamizi ya watu wao. Nabii hakukichukia kinanda. Alikichukia kinanda kinachozuia sikio lisisikie kilio.

Ngoma iliyomfungua mfungwa

Lakini yafaa tutende haki. Miji ile ilikuwa na muziki mwingine pia, usiokuwa wa baraza. Nani asiyejua habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani? Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliziandika kwa utenzi. Humo twasoma kwamba Liyongo alitiwa gerezani kwa wivu wa Sultani wa Pate. Mama yake alimletea chakula kwa mkono wa kijakazi aliyeitwa Saada. Walinzi wakawa wanakula kila kilicho kizuri. Basi mama akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau mkate huo, ukamfikia mfungwa.

Lakini tupa ina sauti. Chuma kikikatwa usiku husikika mbali. Liyongo akaomba watu wa mji wamchezee gungu karibu na gereza. Wakaja na ngoma na vyombo vyao, wakaimba na kuitikia, naye ndani akakata minyororo yake chini ya shangwe hiyo mpaka akawa huru.

Linganisha, msomaji, muziki huo na ule wa Mogadishu. Kule vyombo vilipolia, mtu huru alisimama kama mfungwa. Huku vyombo vilipolia, mfungwa aliondoka kama mtu huru. Ni mambo ya watu wa pwani ile ile, na ngoma ni ngoma tu. Tofauti ilikuwa kwa nani aliyeiomba, na kwa ajili ya nini. Tena haukushinda mkono wa shujaa peke yake. Palihitajiwa kijakazi wa kubeba mkate, na watu wasiotajwa majina wa kuitikia wimbo.

Karne nyingi baadaye jambo la namna hiyo lilionekana tena Unguja. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alipenda muziki wa Misri, na yasemekana alimpeleka mtu wake Kairo akajifunze. Muziki huo wa taarabu ulikaa jumbani kwa wakubwa. Kisha akatokea Siti binti Saad, mtoto wa watu wa shamba wa Fumba, aliyezaliwa yapata 1880 katika jamaa iliyojua utumwa. Alihamia mjini, akauimba muziki ule kwa Kiswahili, akiimba pia mambo ya mtaani na dhuluma zilizowapata wanyonge. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri, na watu wa kawaida wakazinunua. Jamaa ambao zamani hawakupigiwa siwa, sasa sauti yao ilisafiri kuliko siwa yo yote.

Na sisi wa ziwa letu?

Mtu wa Kalemie aweza kusema, "Hayo ya pwani yatuhusu nini? Mji wetu si wa kale." Ni kweli. Jina la Kalemie ni la baadaye. Kabla yake Wabelgiji waliuita Albertville. Lakini desturi za pwani zilifika ziwani kabla ya mji huu. Misafara ya karne ya 19 ilipokaribia mji haikuingia kimya. Kirangozi alitangulia na bendera, ngoma na baragumu zikalia, bunduki zikapigwa hewani. Ndivyo ilivyokuwa katika njia ya Ujiji, ng'ambo ya maji haya tunayovua. Na nyuma ya ngoma hizo walifuata wachukuzi wenye pembe za ndovu mabegani, na mara nyingi watu waliofungwa shingo kwa shingo. Babu zetu waliusikia muziki wa mji, nao walijua vema haukulia kwa ajili yao.

Sisemi kwamba siwa ya Pate ilichongwa kwa ndovu wa kwetu. Ilichongwa zamani sana, kabla biashara ile haijatufikia. Lakini yafaa mtu wa ziwa hili, akisimama mbele ya pembe nzuri, akumbuke kwamba pembe ina mbebaji.

Hapo ndipo nilipolikumbuka daftari langu.

Ngoma ya kigango chetu ni kipande cha mti na ngozi ya mnyama. Sisi hatuna Sultani wala waungwana. Lakini nilipoitazama tena, niliona kwamba nimekuwa mlinzi wa siwa. Mama yule alisikia ngoma hiyo kila Dominika kwa miaka mingi. Iliita, naye alikuja. Siku moja tu alihitaji ilie kwa ajili yake, na mimi nikatazama mistari ya daftari. Tena yeye hakuwa Mwana Darini. Hakuwa na pembe za ndovu wala fundi wa kumchongea nyingine.

Nilikwenda kwa binti yake kuomba radhi. Alikuwa akigeuza ndagala juani. Alinipa kiti, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, deni la michango tulikuwa tukilijua. Tulichotaka ni majirani wasikie kwamba mama alikuwa na watu." Sikuwa na neno la kujibu. Maneno yake yalieleza kazi ya muziki katika mji kwa wazi zaidi kuliko yote niliyoyasoma.

Nimelipeleka shauri hilo kwenye baraza la kigango: ngoma na waimbaji watoke kwa kila mazishi ya mkristo, na daftari la michango libaki mezani kwa kazi yake. Hatujapatana. Wazee wengine wasema kwamba kitu kisicho na kanuni hakina heshima, na kwamba ngoma ikitoka bure hakuna atakayechanga, nayo ngozi ikipasuka nani atanunua nyingine? Siwadharau, ngozi ni ghali kweli, na mimi mwenyewe jana nilikuwa nikisema kama wao. Nawajibu tu kwamba tutafute ngozi kwa njia nyingine, wala tusiitafute kwa maiti wa maskini.

Vijana wa kwaya nao wamepata jibu lao. Niliwafungulia kitabu cha Hesabu, sura ya 10. Humo Mungu amwagiza Musa afanye tarumbeta mbili za fedha. Ikipulizwa moja, wakuu peke yao ndio wanaokuja. Zikipulizwa zote mbili, watu wote hukusanyika. Mogadishu, Malindi na Pate zilikuwa na vyombo vya ajabu, nami nazistahi. Ila mara nyingi zilipuliza ile moja. Kijana mmoja akauliza, "Na sisi, Mwalimu, Dominika twapuliza ngapi?"

Nimewaachia swali hilo walijibu wao. Nawaachia ninyi pia, wasomaji, kila mmoja katika kigango chake.